Zulia lililogeuka mnyoo: kisa cha fundi cherehani na Kifini cha mwanzo

Mhusika wa kisa hiki ni fundi cherehani kutoka pwani, mama wa watoto wawili, aliyemfuata mumewe Ufini. Nitamwita Fundi tu, kama anavyoitwa na wateja wake. Jina la mji, miaka na chochote cha kumtambulisha nimekiondoa, na vitu vidogo viwili vitatu nimevibadilisha makusudi. Rasimu ameisoma mwenyewe. Sehemu moja aliniambia, "Hapa umejipamba, dada," nami nimeifuta.

Mimi na mwenzangu tunaendesha kikao cha Jumamosi katika maktaba ya mji, muda wa saa mbili kila wiki, kwa Waswahili wanaoanza Kifini. Hatukusomea ualimu. Mimi nilifika nchini zamani nikajifunza kwa kukosea, mwenzangu aligusagusa isimu chuoni. Kisa hiki nimekichagua kwa sababu karibu kila alichopatia Fundi kilitokana na Kiswahili chake, na sehemu kubwa ya alichokosea pia.

## Usuli

Mgeni anayehamia Ufini na kuandikishwa kama mtafuta kazi hupelekwa kwenye mafunzo yanayoitwa *kotoutumiskoulutus*: lugha, maisha ya nchi, namna ya kutafuta kazi. Lengo lake la lugha ni kiwango cha B1.1, yaani mtu aweze kujieleza katika mambo ya kila siku bila kushikwa mkono. Fundi aliyamaliza akiwa A1.3. Kwa lugha nyepesi: anaweza kujitambulisha, kuuliza bei, na kuomba radhi.

Hakuwa mvivu. Daftari lake nililiona siku ya kwanza, limejaa mpaka pembezoni, nguzo tatu kila ukurasa: Kifini, Kiingereza, Kiswahili. Mwalimu alifundisha kwa Kifini, na wanafunzi walipokwama walisaidiana kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha waliyochangia wengi. Fundi alikuwa na Kiingereza cha kidato cha nne ambacho hakukitumia tangu siku ya mtihani. Kwenye mstari mmoja alikuwa ameandika *minulla on*, kisha tafsiri ya Kiingereza aliyopewa na jirani wa dawati, kisha kwa Kiswahili: "juu yangu ni".

Niliutazama mstari ule kwa muda. *Minulla on* maana yake ni "nina". Basi. Kifini hakina kitenzi kama *have* ya Waingereza, kinasema kitu kipo kwa mtu. Kiswahili nacho hakina, kinasema mtu yuko na kitu. *Minulla on ompelukone*: nina cherehani. Mtoto wa darasa la pili angelielewa hilo kwa dakika moja, lakini kwa kupitia Kiingereza lilikuwa limegeuka kuwa cherehani lililompanda mtu mabegani.

Lengo lake lilikuwa wazi: kuingia shule ya ufundi, fani ya nguo, apate cheti kinachotambulika. Shule ilimwambia lugha yake bado.

## Maamuzi ya mwanzo na sababu zake

Tulikaa tukaamua mambo manne. Mawili yalikuwa mazuri, mawili tuliyajutia, ila siku ile yote manne yalionekana ya busara.

Kwanza, nguzo ya Kiingereza ifutwe daftarini. Pili, msamiati uanzie kwenye kazi yake, si kwenye kitabu: *neula* sindano, *lanka* uzi, *nappi* kifungo, *sakset* mkasi, *vetoketju* zipu. Kitabu kilianza na mataifa na rangi za bendera, na Fundi hakuwa na haja ya bendera ya mtu.

Tatu, tulishikilia Kifini sanifu peke yake, *kirjakieli*, tukamwambia ile lugha ya mtaani, *puhekieli*, aiache kwanza. Tuliogopa kumchanganya. Nne, tulimpa onyo la kitamaduni ambalo kila mgeni hupewa na wageni waliomtangulia: Wafini hawapendi kusemeshwa. Kituo cha basi simama mbali, kwenye lifti tazama mlango, usiulize habari za watu usiowajua. Tulimwambia hivyo kwa nia njema. Yeye katoka mahali ambapo kumpita mtu bila kumjulia hali ni kama kumtukana.

## Miezi ya kwanza: mambo yanakwenda

Tulianzia kwenye ukanushaji, na hapo ndipo nilipoona sura yake ikifunguka. Kifini kina neno la kukana linalobadilika kwa nafsi: *en puhu, et puhu, ei puhu, emme puhu, ette puhu, eivät puhu*. Mzungumzaji wa Kiingereza hulia na jambo hili. Mwenzangu aliandika ubaoni pembeni yake: sisemi, husemi, hasemi, hatusemi, hamsemi, hawasemi. Fundi akatazama kulia, akatazama kushoto. "Kumbe na wao wana si-hu-ha?" Na kama sisi tunavyoigeuza *-a* ya mwisho kuwa *-i* tunapokana, wao nao huking'oa kitenzi mkia wake wa nafsi: *puhun*, nasema, lakini *en puhu*. Siku ile alikana kila kitu mpaka saa ya kufunga maktaba.

Halafu *hän*. Watu darasani kwake walimshangaa huyu *hän* asiye mwanamume wala mwanamke. Fundi hakuona cha kushangaza. Ni yeye.

Viambishi vya mahali vilituchukua muda zaidi. Vitabu huhesabu aina 15 za miisho ya nomino, na idadi hiyo peke yake huwafukuza watu. Tulianza na *-ni* yetu. Niko dukani, natoka dukani, naenda dukani: kwetu mwisho ni mmoja, kitenzi ndicho kinachosema umesimama, unatoka au unaingia. Wao wamegawa kazi ile kwa miisho mitatu: *kaupassa, kaupasta, kauppaan*. Fundi aliielewa kama suala la kushona. "Sisi tunatumia uzi mmoja kwa nguo zote, wao wana uzi wa kila nguo." Sina hakika mfano huo unasimama kisayansi, lakini ulimsimamia yeye.

Matamshi yalikuwa na vituko vyake. Irabu *y* tulimfundisha hivi: sema *i*, huku midomo umeibinua kama ya *u*. Kwa *ö*: sema *e*, midomo ya *o*. Alikaa na kioo kidogo cha mkobani akirudia *yö, työ, syö*, yaani usiku, kazi, anakula. Kijana mmoja meza ya pili alihama.

Tatizo kubwa lilikuwa urefu. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho na huivuta kidogo bila kujua. Wafini hukaza ya kwanza daima, na urefu kwao hubadili neno zima: *tuli* ni moto, *tuuli* ni upepo, *tulli* ni forodha. Fundi alipotaka moto, ulitoka upepo. Konsonanti mbili zilikuwa ngumu zaidi, mpaka mwanawe mdogo alipotusaidia. Kule shule ya chekechea alikuwa akimwita kaka yake kwa sauti, "Kaka! Kaka!" na walezi kila mara wakimkimbiza chooni. *Kakka* kwa lugha ya watoto wa Kifini ni kile kinachofanywa chooni. Tukapata mfano ambao hakuna mzazi angeusahau: sema *kak*, simama, kisha *ka*. Ukisimama ni choo, usiposimama ni ndugu.

## Kitambaa kisichoonekana

Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa *kangas*, kitambaa. Alikuwa na hakika lina undugu na kanga. Halina, ni bahati tu, lakini nani angemnyang'anya furaha hiyo?

Mwezi wa pili, theluji ikiwa magotini, alikwenda duka kubwa la vifaa vya nyumbani kutafuta kitambaa cha pazia. Alizunguka akitafuta bango la KANGAS. Hakuliona. Aliona vikombe, taulo, rangi za ukuta, na kona moja yenye bango KANKAAT ambayo aliipita mara mbili akiwa mbali, akidhani ni jina la kampuni. Kuuliza hakuuliza, kwani si tulimwambia Wafini hawapendi kusemeshwa? Akarudi nyumbani mikono mitupu.

*Kankaat* ni wingi wa *kangas*. Ndani ya neno *ng* imekuwa *nk*. Jumamosi iliyofuata tulifanya kosa la kiufundi: tulimwagia jedwali zima la mabadiliko ya konsonanti. *Kk* huwa *k*, *pp* huwa *p*, *tt* huwa *t*, *k* hupotea, *p* huwa *v*, *t* huwa *d*, *nk* huwa *ng*, na maneno mengine huenda kinyumenyume, likiwemo lake la *kangas*. Mwenzangu alikuwa na ari sana siku hiyo. Fundi alinakili kila kitu kwa mwandiko mzuri, akashukuru, na kwa wiki tatu hatukumwona.

Aliporudi alisema jambo ambalo nililiandika palepale: "Dada, neno nikilijua nalijua. Sasa kama na lenyewe linanigeuka, nitamshika nani?"

## "Wamemwita mwanangu kitu"

Mwezi wa nne alikuja amefura. Alikuwa amekwenda kumchukua mtoto kule chekechea, hakumwona, akamuuliza mlezi. Mlezi akajibu huku akitabasamu: *"Se tulee kohta."*

*Tulee kohta* aliijua: anakuja sasa hivi. Lakini *se* katika Kifini sanifu ni ya vitu na wanyama, na ndivyo tulivyomfundisha. Kwa masikio yake mlezi alikuwa amesema, "Hicho kinakuja." Mswahili akimtaja mtoto wa mwenzie kwa *ki-* amekusudia ugomvi. Fundi hakusema neno, akamvalisha mtoto koti, akaondoka, na kwa siku tano alimpeleka na kumchukua bila kumtazama mlezi yule usoni.

Katika Kifini cha kawaida cha mdomoni watu wote ni *se*. Mama huitwa *se*, rais huitwa *se*, mpenzi huitwa *se*. Hakuna dharau yoyote ndani yake. *Minä olen* husemwa *mä oon*, *oletko sinä* husemwa *ootsä*, *yksi, kaksi* hukatwa kuwa *yks, kaks*, kama sisi tunavyosema "n'shafika" wala hakuna anayesema "mimi nimekwisha kufika" labda bungeni. Tulijua haya yote, tukamficha. Tulimtuma mtu sokoni na lugha ya gazeti.

Kwa bahati mlezi mwenyewe ndiye aliyeuliza kama kuna tatizo. Tulimwandikia Fundi barua fupi ya kumweleza mlezi, yeye akainakili kwa mkono wake. Mlezi aliisoma, akashika kifua, akacheka, na tangu siku hiyo akizungumza na Fundi husema *hän* kwa kukaza, kama mtu anayetembea amevaa viatu vya sherehe.

## Zulia

Wafini wana desturi ya kufua mazulia nje wakati wa kiangazi, mahali pa umma palipotengwa kando ya maji. Pana meza ndefu, mabeseni, mashine ya kukamulia, vyuma vya kuanikia. Zamani walifulia kwenye gati juu ya ziwa au bahari. Siku hizi miji mingi imehamishia huduma hiyo nchi kavu ili povu lisiingie majini. Sabuni ni ya msonobari, *mäntysuopa*, na harufu yake ukishaizoea hutaki nyingine. Wanaosema Wafini hawasemi hawajafika hapo mwezi wa sita.

Fundi alipita, akaona kibao: MATONPESUPAIKKA. Akafanya kile ambacho Mswahili yeyote angefanya, akalichambua neno. *Paikka*, mahali. *Pesu*, kufua. *Maton*, ya kitu fulani. Ile *-n* ya mwisho ni "-a" ya umilikishi, tulishaifanya. Toa *-n*, linabaki *mato*. Na anaona mazulia yametandazwa kila meza. Basi zulia ni *mato*. Alirudi nyumbani, akachukua zulia la sebuleni, akalibeba begani. Pale mezani palikuwa na bibi mmoja wa makamo ya mama yake, na Fundi, akiwa na furaha ya mtu aliyegundua neno bila mwalimu, akasema sentensi iliyokamilika kila kona:

*"Hei! Minulla on iso mato."*

Bibi akaacha kusugua. *Mato* ni mnyoo. Mgeni asiyemjua alikuwa amesimama mbele yake juani akimtangazia kwamba ana mnyoo mkubwa.

Anavyosimulia Fundi, bibi yule alimtazama tumbo kwanza. Kisha akaona zulia. Kisha akakaa chini kwenye benchi kabisa, akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono wenye sabuni, jambo lililozaa matatizo mengine. Aliposhika pumzi akaligonga zulia kwa kiganja: *"Mat-to. Mat-to."* Akasimama katikati ya neno, kama katika ule mfano wetu wa *kakka*. Wakafua pamoja kwa muda wa saa mbili. Ikatokea wanakaa jengo moja, bibi chini, Fundi ghorofa ya tatu. Kumbe walikuwa wakipishana kwenye ngazi mwaka na nusu, Fundi akitazama ukuta kwa heshima tuliyomfundisha, bibi akidhani mgeni huyu ana kiburi.

Alipotusimulia, mwenzangu aliruka. Kosa lile halikuwa la uzembe. Fundi alilichambua neno barabara, ila alichukulia kwamba shina limetulia mahali pake, nalo lilikuwa limesogea: *matto* likipata *-n* silabi inafungwa, yaani inaishia kwa konsonanti, na *tt* inalegea kuwa *t*. Ndipo nikamuuliza, bila jedwali wala ubao:

"Mtu anayepika anaitwaje?"

"Mpishi."

"Kwa nini si mpiki?"

Kimya.

"Anayelinda?"

"Mlinzi… Anayeiba, mwizi. Anayefuata, mfuasi." Akaanza kuzitoa mwenyewe, kidole kwa kidole. "Ulimi, ndimi. Dada, na sisi tunageuza!"

Sababu si moja. Kwao sauti hulegea silabi inapofungwa, kwetu ni ile *-i* ya mwisho inayoilainisha konsonanti iliyotangulia, na ndimi ina mambo yake ya *n*. Lakini hilo ni la wanaisimu. Yeye alihitaji kujua kwamba neno linaweza kubadili sauti ya ndani na kubaki neno lile lile, na kwamba kinywa chake kimekuwa kikifanya hivyo tangu utotoni bila jedwali. Kuanzia wiki ile aliacha kuandika maneno kwa orodha, akaandika kwa ukoo: *lanka, langan, lankaa*, *nappi, napin, nappia*, *kangas, kankaan, kangasta*.

## Kikombe cha kahawa

Bibi alimkaribisha kahawa, akasema *kello kaksi*. Fundi alifurahi, akaandika kwenye kalenda ya jikoni: saa 2. Alikwenda saa mbili kamili. Usiku. Na maandazi.

Bibi alikuwa amemsubiri tangu saa nane mchana. Alifungua mlango akiwa na gauni la kulalia, akatazama maandazi, akasema: *"Kahvi jäähtyi."* Kahawa imepoa. Kisha akamwingiza ndani.

Kosa hili lilikuwa letu, na sikuliona likija. Mtu wa Afrika Mashariki akisikia saa kwa Kiingereza hugeuza papo hapo, ukimtajia mbili yao yeye husikia nane. Ni zoezi la maisha. Sisi tulipong'oa Kiingereza katikati, tuling'oa na mashine ile ya kugeuzia. *Kaksi* ikawa mbili, mbili ikawa saa mbili.

Pale mlangoni Fundi alivua viatu bila kuambiwa, na bibi akashangaa. Pwani na Ufini zinapatana kwenye hilo bila kujuana. Lakini alipopewa kikombe alisema *"Kiitos, äiti,"* asante mama, kama ambavyo angemwambia mwanamke yeyote wa umri ule. Bibi akajibu bila ukali: *"En minä ole sinun äitisi."* Mimi si mama yako. Akamtajia jina lake la kwanza, amwite hivyo. Wafini huitana majina ya kwanza, mwanafunzi kwa mwalimu, mgonjwa kwa daktari. Fundi hakuweza. Kumwita mwanamke wa miaka sabini jina lake tupu, bila bi wala shikamoo, aliona ni kama kumvua mtandio. Alikaa miezi akitunga sentensi zisizohitaji jina. Kwetu humtaja kama "bibi wa chini", na bado sijamsikia akilitamka jina lile bila kushusha sauti.

## Matokeo

Mwaka uliofuata Fundi alifanya mtihani wa taifa wa lugha, YKI, ngazi ya kati. Alama za ngazi hiyo ni 3 na 4, na kila stadi hupimwa peke yake. Kusoma, kuandika na kuzungumza alipata 3. Kusikiliza alianguka.

Shule ya ufundi ilimwita kwenye usaili. Walimpa suruali wakamwambia aeleze jinsi ya kuifupisha, na kwa mambo hayo Fundi hahitaji mwalimu. Alipata nafasi. Bibi wa chini amemletea majirani wanne wenye zipu mbovu. Majira ya kuchipua alijitokeza kwenye *talkoot*, siku ambayo wakazi wa jengo husafisha ua pamoja. Tulimtafsiria ni msaragambo, akaja na reki yake. Soseji hakugusa, kwa kuwa ni za nguruwe, ila kahawa alikunywa vikombe vitatu.

## Uchambuzi: kilichofaa na kilichoharibika

Kufuta nguzo ya Kiingereza ndio uamuzi uliobadilisha kila kitu, na ningeurudia kesho, japo na saa ukutani. Waalimu wa kozi hawana lawama hapa, hawawezi kujua lugha za darasa zima. Lakini mtu mwenye Kiswahili safi anaingia kwenye Kifini akiwa na ukanushaji wa nafsi, na *hän*, na kusoma herufi kama zilivyoandikwa, na tabia ya kuchambua neno kwa viungo vyake. Ukimlazimisha apitie lugha anayoiweza nusu, unampokonya mali hiyo mlangoni.

Msamiati wa cherehani ulifaa kuliko tulivyotarajia, kwa sababu ambayo hatukuipanga: maneno yale alikuwa anayashika mkononi kila siku. *Sakset* hakulisahau hata mara moja. "Bendera" kwa Kifini mpaka leo hajui.

Jedwali la konsonanti lilitugharimu wiki tatu na karibu limpoteze kabisa. Maudhui yake yalikuwa sahihi yote. Tatizo ni kwamba tulimpa kanuni kabla hajawa na kisa cha kuitundika. Mnyoo wa kwenye meza ya kufulia ulifanya kazi ambayo ubao haukuweza, na sidhani kama ningeweza kuupanga mnyoo ule hata ningetaka.

Kuficha *puhekieli* ndilo kosa letu kubwa, na alama ya kusikiliza inalisema bila mimi. Hoja yetu ya kutomchanganya ilikuwa dhaifu: Mswahili amezaliwa kwenye lugha ya redio na lugha ya kibarazani, anajua kuzibeba zote mbili. Sasa kikao cha kwanza cha kila mwanafunzi mpya kina *mä oon* na *se*, na habari ya yule mlezi.

Onyo la "hawapendi kusemeshwa" linaniuma zaidi, kwa kuwa sikulifikiri, nililipokea na kulipitisha. Kuna chembe ya ukweli: kwenye basi watu hukaa mbali, na Mfini akinyamaza mbele yako mara nyingi anakusikiliza, hajakununia. Ila kwenye ngazi za nyumba yako husemwa *moi*, na asiyeisema ndiye anayeonekana hana adabu. Tulimnyamazisha mwanamke ambaye salamu ndiyo kipaji chake, kisha tukamwuliza mbona hafanyi mazoezi ya kuzungumza.

Mtihani wa kusikiliza ataurudia. Kwa sasa mazoezi yake ni bibi, ambaye hasemi sanifu hata kidogo na humkatia maneno kama mtu anayekata uzi kwa meno. Jumamosi iliyopita ujumbe uliingia kwenye simu yake tukiwa mezani, akanisogezea nisome:

*"Tuu kahville kahdelta. Siis klo 14."*

*Tule*, yaani njoo, imekatwa kuwa *tuu*. *Kaksi* imegeuka *kahdelta*. Na saa imeandikwa kwa tarakimu, ya mchana. Nilifungua mdomo kumwelezea, lakini alikuwa ameshafunga daftari na anatafuta koti.